Mota imekubali jamani!!
Leo nimefika kazini bila jasho, nina furaha mno. Wiki tatu nilikuwa nahangaika kufunga mota kwenye baiskeli yangu ya kulalia, ile unakaa chini umeegemea na pedeli ziko mbele, huku Uholanzi zipo ila watu bado wanageuka kuangalia. Nilichukua seti ya wati 250, volti 36, mota iko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Gurudumu lenyewe si kazi, kazi ni waya, maana sensa ya pedeli, ile inayohisi ukikanyaga, inakaa mbele kabisa na kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, iko nyuma ya kiti, waya ukapungua karibu mita nzima ikabidi niagize wa kuungia.

Kuwasha sasa, mota inashtuka, inakwaruza, inakufa. Nikajua ni betri, kupima inasoma volti 41, kawaida kwa betri ya 36 ikiwa imejaa, iko fresh kabisa. Siku mbili nimeganda hapo! Mwisho nikachomoa plagi ya zile waya nyembamba tano zinazotoka kwenye mota kuiambia kontrola mota imezunguka mpaka wapi, nikamulika na tochi ya simu, kumbe pini ya waya wa njano imerudi nyuma haigusi mwenzake. Nikaisukuma polepole na sindano mpaka ikalia tik, nikarudishia, mota ikazunguka kimyaaa.

Ukifunga ya kwako usiache kile kichuma cha kushikilia ekseli, bila hicho ekseli inaweza kujizungusha ikakata waya zote. Jumamosi naipeleka kwenye upepo wa baharini.