Familia za Waaborijini na maumivu ya kunyang'anywa watoto

Jamani hii habari ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, imenikaa kichwani sana. Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970 hivi serikali na misheni walikuwa wanawachukua watoto wao kwa nguvu, wanawapeleka kwenye vituo au kwa familia za wazungu, wengine hawakumuona mama tena, na waziri mkuu wa wakati huo Kevin Rudd akaja kuomba radhi bungeni Februari 13, 2008. Sasa fikiria mama wa ukoo huo anagongewa hodi na afisa ustawi, hata kama kaja kwa wema, moyo utaacha kwenda mbio kweli? Ndo maana wana huduma zao za ustawi wa familia wanazoendesha wenyewe, wazee wanakaa na familia, na mtoto ikibidi atoke nyumbani anatafutiwa ndugu kwanza. Wako sahihi kabisa.

Huku Mwanza nimeshuhudia bibi wa Kisukuma anahojiwa kuhusu wajukuu zake kwa Kiswahili cha ofisini, kashika ncha ya khanga anaitikia tu "ee, ee", mpaka jirani alipokaa naye mkekani akamuuliza kwa Kisukuma, hapo bibi akafunguka yote. Natamani maafisa wetu wawe wanaenda na mtu kama yule jirani.