Shamba Bichi

Jana nilikuwa namenya muwa, jikoni kumejaa ile harufu tamu ya Kilombero, binti yangu akaniuliza: "Mama, kwa nini babu alivua kofia mbele ya ile picha?"

Ilikuwa Januari, baba ana siku ya nne New York. Nikampeleka MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa, kumwonyesha La Jungla (Msitu), picha ya mchoraji Wifredo Lam. Kwenye treni nilimsomesha yote: Mkuba, aliyezaliwa 1902 kwa baba Mchina na mama mwenye asili ya Afrika, akakaa Ulaya miaka mingi, akarudi kwao 1941, akakuta weusi wenzake bado wako chini. Hakutaka kuchora Kuba ya watalii, akachora hii, 1943. Baba aliitikia tu.

Tulipofika akanyamaza. Picha ina zaidi ya mita mbili kwenda juu, karibu na hizo kwenda upande. Miili mirefu imesongamana na miwa, nyuso kama mwezi mwandamo, nyayo kubwa mno. Baba akafunga mikono mgongoni, akatembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayekagua mstari wake kabla ya kuanza kazi.

"Shamba bichi hili," akasema. "Halijachomwa."

Kwetu Kilombero shamba lilichomwa kwanza kabla ya kukata miwa, ndiyo maana vibarua walirudi nyumbani weusi kwa masizi. Ukiingia kwenye miwa mibichi majani yanakuchana. Nikamwona ameshika mkono wake wa kushoto, pale penye makovu. Kisha akaonyesha juu, pembe ya kulia, kwenye mkono ulioshika mkasi.

"Mkasi haukati muwa, mwanangu. Hawa hawakuja kukata. Wanaishi humu."

Akavua kofia. "Shikamooni," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Mimi niliyeisoma picha ile vitabuni miaka mingi sikuwahi kufikiria kuwaamkia. Nataka kuamini kwamba Lam, aliyelelewa karibu na mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, mganga aliyehudumia mizimu ya Kiafrika, angeelewa.

Tulipokwenda kuchukua makoti nikamwambia kuwa zamani picha ile ilitundikwa miaka mingi kwenye ujia wa kuelekea chumba cha makoti. Baba akasimama, mkono mmoja tayari umo kotini.

"Na watu walikuwa wanawapita tu?"

Nikamshikia koti, akaingiza mkono wa pili.