Deki ya kuta: nilivyojenga kombo kwa karata za bei ya chini

Katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering kuna njia nyingi za kumshinda mwenzako. Wengi hujaza viumbe mezani na kumshambulia mpaka uhai wake, unaoanzia 20, uishe. Wengine hukaa wakizuia kila anachotoa mpaka aishiwe. Mimi nilipenda njia ya tatu tangu siku niliyoiona ikichezwa: kombo. Karata mbili au tatu, ambazo kila moja peke yake haimtishi mtu, zikikutana mezani zinaanza mzunguko usio na kikomo, na mchezo unamalizika palepale hata kama mpinzani hajaguswa bado.

Kikwazo kilikuwa bei. Mchezo huu aliubuni Richard Garfield na ukaanza kuuzwa mwaka 1993, na zile karata za kombo zinazosifiwa sana leo zinagharimu pesa ambazo mtu mwenye kodi ya nyumba na wazee wa kuwatumia chochote nyumbani hawezi kuzitoa kwa kipande cha karatasi. Kilichonifungulia mlango ni Pauper. Hii ni aina ya mchezo ambamo kila karata unayotumia lazima iwe imewahi kutolewa katika daraja la chini kabisa, lile linalojaa kwenye kila pakiti. Ilikuzwa na wachezaji wa kwenye kompyuta kwa miaka mingi, kisha mwaka 2019 ikapewa orodha moja rasmi ya karata kwa wanaocheza mezani na wanaocheza mtandaoni. Sheria nyingine ni zilezile: deki ya karata 60 au zaidi, hadi karata 15 za akiba za kubadilishia kati ya mchezo mmoja na mwingine, na hakuna karata inayozidi nakala 4 isipokuwa ardhi za msingi, yaani karata zinazotoa mana, ile nguvu ya kulipia karata nyingine. Karibu kila kitu nilichohitaji kilikuwa kwenye masanduku ya karata za peni chache katika duka ninakocheza hapa Leeds, Uingereza. Nilikaa sakafuni na masanduku yale jioni nzima, na sijutii hata dakika moja.

Nilichagua deki ya kuta. Nieleze kwanza mashine yenyewe, maana ukiielewa hii, mengine yote yanafuata.

Kuna viumbe katika mchezo huu visivyoruhusiwa kushambulia. Vinakaa mbele kukukinga tu, ndiyo maana tunaviita kuta. Mmojawapo ni Axebane Guardian. Ukimlaza, yaani ukiigeuza karata yake ubavu kuonyesha imeshatumika, anakupa mana sawa na idadi ya kuta zako zote, naye mwenyewe akihesabiwa, na kila mana unaichagulia rangi. Ukiwa na kuta 3 anatoa mana 3. Sasa chukua Freed from the Real, karata ya mana 3 unayomvisha kiumbe. Aliyevishwa anaweza kusimamishwa tena kwa mana moja tu ya bluu. Mvishe Guardian. Mlaze upate 3, lipa 1 ya bluu asimame, mlaze tena upate 3. Kila mzunguko unabaki na 2 za ziada, na hakuna kinachokulazimisha kuacha. Kwa kuta 2 tu mashine inaenda, maana bado kila mzunguko unakubakizia 1.

Mana peke yake haiui mtu. Wa kumalizia ni Valakut Invoker, kiumbe wa mana 3 ambaye kila unapomlipa mana 8 anapiga popote kwa 3. Mara 7 ni 21, na uhai ni 20. Tena uwezo wake hauhitaji kumlaza, kwa hiyo anafanya kazi zamu ileile aliyotoka, wakati viumbe wengine wenye uwezo wa kulazwa lazima wangoje hadi zamu yako inayofuata.

Mdogo wangu aliyeko Tanga, ambaye ndiye ninayecheza naye kwenye Cockatrice, programu ya bure ya kompyuta, alipoiona orodha yangu mara ya kwanza aliniuliza, "Sasa kaka, hizi kuta zote zitampiga nani?" Nikamwambia, "Subiri zamu ya nne, mdogo wangu." Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake ndilo sababu ya kuipendekeza deki hii kwa yeyote anayetaka kombo ya kwanza. Deki nyingi za kombo zina kundi la karata za kujikinga na kundi jingine la mashine, na makundi hayo hugombania nafasi. Hapa ni kitu kimoja. Ukuta unaozuia goblini wa mwenzako ndio huohuo unaoongeza mana. Overgrown Battlement, mwenye ukakamavu wa 4, yaani kiasi cha pigo kinachotosha kumuua, akilazwa anatoa mana moja ya kijani kwa kila ukuta. Wall of Roots ana 5, na anatoa mana bila kulazwa, mara moja kila zamu, ikiwemo zamu ya mpinzani, ingawa kila akitoa anapungua kwa 1. Saruli Caretaker anagharimu mana moja tu, na akilazwa pamoja na kiumbe mwenzake anatoa mana ya rangi yoyote. Huyo mwenzake anaweza hata kuwa aliyetoka sasa hivi.

Ila uzuri wenyewe wa deki hii haupo hata kwenye mzunguko ule. Upo kwenye kutafuta. Ukikaa kujenga kombo, swali la kwanza lisiwe "karata gani zinaua?" liwe "nitazipataje?" Nina karata 60, na Freed from the Real zipo 3 tu. Karata zangu za kuchimba ni Winding Way na Lead the Stampede, nakala 4 kila moja. Winding Way inafunua karata 4 za juu na kukupa viumbe wote waliomo. Lead the Stampede inaangalia 5 na kukuruhusu kuchukua viumbe wote. Tatizo liko wazi: Freed si kiumbe. Winding Way ikiifunua, inaenda moja kwa moja makaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotupwa.

Hapo ndipo anapoingia Drift of Phantasms. Huyu ni ukuta, anaruka, ana ukakamavu wa 5, na kwa sababu ni kiumbe, karata zote mbili za kuchimba zinamleta. Ila akiwa mkononi, badala ya kumtoa mezani unaweza kulipa mana 3, mbili kati yake za bluu, ukamtupa na kwenda kutafuta ndani ya deki karata yoyote yenye gharama ileile ya 3. Na nini ina gharama ya 3? Freed from the Real. Axebane Guardian. Valakut Invoker. Vipande vyote vitatu! Nilipogundua hilo nikiwa na orodha mbele yangu nilisimama nikazunguka chumba. Karata moja, nakala 4, na inageuka kuwa chochote unachokosa. Ukikosa cha kukosa, unaitoa mezani ikuzuilie viumbe wa mpinzani wanaoruka.

Kwa hiyo orodha yangu ikajipanga yenyewe: nakala 4 za kila ukuta niliotaja, zile 8 za kuchimba, Freed 3, Invoker 2, Quirion Ranger kadhaa, na zilizobaki ni ardhi, karibu zote Forest, ardhi ya mana ya kijani. Ranger si ukuta, ila anakuruhusu kurudisha Forest mkononi ili kumsimamisha kiumbe mmoja, mara moja kwa zamu, na zamu ambayo Guardian anasimama mara ya ziada huwa ni zamu kubwa. Kwa nini Freed 3 na si 4? Ukiwa nazo 2 mkononi, ya pili ni karatasi tupu, na Drift zinatosha kuziba pengo. Nilisimama hapo na sijabadilisha.

Kuijenga kulichukua jioni moja. Kuicheza ndiko kulikonifanya niwe mchezaji.

Nilianza peke yangu. Nachanga karata, navuta 7, najiuliza kama mkono huu ninauweka au naubadilisha, kisha nacheza zamu za mwanzo bila mpinzani kuona nitamaliza lini. Nilijifunza kwamba mkono wenye Freed na Invoker lakini hauna ukuta wa mapema ni mkono mbaya, hata ukipendeza machoni. Mkono wenye ardhi 2, Caretaker, Battlement na Lead the Stampede hauna kipande hata kimoja cha kumalizia, na huo ndio ninaouweka bila kusita. Kuta zikishasimama, vipande vinakuja.

Kisha ni hesabu. Mcheza bao mzuri anajua kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajainua ya kwanza, na deki hii inataka kitu hichohicho. Mfano: una Forest 4, Guardian, Battlement na Wall of Roots. Freed inagharimu 3, mojawapo ya bluu, na bluu hiyo utaipata kwa kumlaza Guardian mwenyewe. Lakini ukimlaza, Freed itamkuta amelala, na utahitaji bluu nyingine ya kumsimamisha. Kwa hiyo katika mana zake 3 unachagua bluu mbili, moja ya kulipia Freed na moja ya kubaki ikielea, na zile nyingine za Freed unazitoa kwenye Forest. Mana haipotei mpaka hatua hiyo ya zamu iishe, na yote haya yanatendeka ndani ya hatua moja, kwa hiyo bluu yako inakungoja. Ukichagua rangi vibaya, Guardian atalala pale na kila kitu mgongoni, na hakuna atakayemwamsha.

Mbele ya watu kuna jambo jingine: mpinzani naye ana la kusema. Kumlaza Guardian kwa ajili ya mana hakuna mtu anayeweza kukuingilia. Lakini kumvisha Freed, na kumsimamisha kwa mana ya bluu, mpinzani ana haki ya kujibu kabla havijatimia. Guardian ana ukakamavu wa 3, na Lightning Bolt, karata nyekundu, inapiga 3. Akimuua wakati Freed iko njiani, unapoteza vyote viwili kwa karata yake moja ya mana moja.

Ijumaa moja nilikutana na deki nyekundu, na tukawa kwenye mchezo wa pili. Yeye kabakiza Mountain moja, ardhi ya mana nyekundu, imesimama na karata 2 mkononi; sikuwa na shaka moja ni Bolt. Upande wangu Forest 4, Guardian, Battlement, Wall of Roots. Mkononi Freed, Invoker, na Vines of Vastwood niliyoitoa kwenye akiba. Vines inagharimu mana moja ya kijani, na inafanya kiumbe mmoja asiguswe na karata za mpinzani zamu nzima. Nikahesabu kimyakimya: Battlement 3 za kijani, Forest 4, Roots 1, jumla 8, Guardian bluu mbili na nyekundu moja. Nikalaza vyote, nikatoa Freed. Akajibu na Bolt, kama nilivyotarajia. Nikatoa Vines. Bolt ikakosa pa kupiga, Freed ikamkaa Guardian, nikalipa bluu akasimama. Nikamwonyesha mzunguko mara moja, polepole, kisha nikasema nitaurudia mara 100, maana sheria zinakuruhusu kutaja idadi badala ya kugeuza karata usiku kucha. Nikamtoa Invoker. Alisoma karata yake mpaka mwisho, akanipa mkono, akaniomba nimwonyeshe Drift.

Si kila deki inaingilika hivyo. Wenye deki za bluu wana Counterspell, karata inayozuia karata yako isitimie, na kwao ninachezea subira: natoa Lead the Stampede kwanza, waizuie hiyo, au nangoja zamu watakayolaza ardhi zao. Kwenye akiba nina Pyroblast, ambayo inazuia karata ya bluu kwa mana moja nyekundu, na Caretaker anaitoa mana hiyo bila shida. Crypt Rats, karata nyeusi, ndiyo inayonisumbua zaidi. Inapiga viumbe wote kwa pamoja bila kumlenga hata mmoja, kwa hiyo Vines haisaidii kitu. Dhidi ya deki nyeusi sitoi kuta zote. Nabakiza Guardian wa pili na Drift mkononi, hata kama mezani naonekana nimekwama.

Kwa sasa ninampima Galvanic Alchemist. Ni kiumbe, kwa hiyo Winding Way haimtupi makaburini, na gharama yake ni 3, kwa hiyo Drift inampata. Akiungana na Guardian anamwezesha kusimama kwa mana 3, hivyo unahitaji kuta 4 ndipo ubaki na faida. Na kwa kuwa anaungana na Guardian bila kulipiwa mana ya ziada, Counterspell inabidi imkute yeye mwenyewe akitoka. Mdogo wangu anasema nimwekee nafasi mbili. Mimi nitaanza na moja, nitoe Quirion Ranger mmoja, Freed zangu 3 zibaki palepale.