Besi ya panki Dodoma: vifaa ninavyotumia na jinsi ninavyovitunza

Gitaa langu la besi, ninalopigia panki, muziki wa roki wa kasi na kelele, ni nakala ya Kichina ya Fender Precision. Niliinunua mkononi kwa mpigaji wa kwaya mmoja wa hapa Dodoma aliyekuwa anahamia Mwanza. Nilikuwa natafuta umbo hilohilo. Mtengenezaji magitaa aitwaye Leo Fender aliitoa Precision huko Marekani mwaka 1951, na tangu 1957 sumaku yake ya kunasa sauti, wenyewe tunaiita pikapu, imegawanywa vipande viwili: kimoja kinanasa nyuzi mbili nene, kingine mbili nyembamba, na vikiunganishwa vinaua mvumo wa umeme. Dee Dee Ramone wa bendi ya panki ya Ramones aliipiga. Paul Simonon wa bendi ya The Clash naye aliipiga, na moja akaivunja jukwaani New York mwaka 1979. Ina voliumu moja na toni moja, basi. Haitumii betri, na hilo nalipenda sana, maana besi nyingi za kisasa zinakula betri ya mraba ya volti 9, na betri ikiisha katikati ya wimbo sauti imekwenda.

Kilichonipa kazi kubwa kuliko fedha ni hali ya hewa. Dodoma mvua zikishakatika tunakaa miezi mingi bila tone, na upepo wa Julai na Agosti unakausha kila kitu. Mbao ya shingo ya gitaa inapoteza unyevu na kunyooka kupita kiasi, nyuzi zinashuka na kuanza kugonga freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo mwezi wa tisa: utahisi ncha za freti zimetokeza zinakwaruza ngozi, kwa sababu mbao imesinyaa na chuma kimebaki vilevile.

Ili mbao isikauke, nilichukua kisahani cha sabuni chenye mfuniko, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikaweka ndani kipande cha sifongo kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe. Kinakaa ndani ya begi, karibu na kichwa cha gitaa, na zipu inafungwa hata kama besi nitaitumia tena jioni. Sifongo ikikauka nailowesha. Halafu kuna chuma kinachopita ndani ya shingo, ambacho kinakazwa na kulegezwa kwa spana ndogo ya L. Kiangazi nakilegeza robo mzunguko, naacha hadi kesho yake, ndipo naangalia tena. Mvua za Desemba zikianza nakikaza taratibu, maana mbao inarudi kuvimba. Tangu nishike utaratibu huu besi inakaa kwenye tyuni vizuri.

Vumbi ni suala la fundi redio. Voliumu ilipoanza kukoroma nilimpelekea fundi redio mmoja wa huko Majengo, akaifungua na kunionyesha. "Mdogo wangu, hii haijafa, imekula vumbi tu." Akapuliza dawa ya kusafishia swichi, akaizungusha kwenda na kurudi, akachomelea upya kwa risasi na jeki, tundu la kuchomekea waya wa besi. Sasa dawa hiyo nakaa nayo mwenyewe.

Nyuzi ndizo zinazotoa sauti ya panki, na hapa siko tayari kubana. Nataka za chuma zilizozungushiwa waya wa mviringo, unene wa inchi 0.045 hadi 0.105, kwa sababu zinang'ata na kusikika juu ya magitaa mawili na ngoma. Zile laini zinazopendwa kwenye kwaya zinapendeza kwenye kwaya. Naagiza Kariakoo zinakuja kwa basi. Zikififia kwa jasho na vumbi nazichemsha dakika chache kwenye sufuria, nazikausha kabisa, na mng'ao unarudi kwa muda mfupi. Kwa hiyo nazichemsha karibu na siku ya shoo.

Sipigi kwa vidole, napiga kwa piki, kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Piki ya kukata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, na kwa nyuzi za besi inapinda. Nilikata yangu kwenye mfuniko mgumu wa ndoo ya rangi, nikalainisha kingo kwa msasa. Mkono unashuka chini tu, haupigi kupanda, kama alivyopiga Dee Dee, na ubavu wa kiganja unagusa nyuzi kidogo karibu na daraja. Hii inachosha mkono kwelikweli mwanzoni, lakini hakuna kifaa kinachoweza kuileta sauti ile badala ya mkono.

Ampeg SVT ya mwaka 1969, amplifaya ya besi yenye wati 300 na makabati ya spika nane za inchi 10, ni mtambo ninaouheshimu, ila hauingii kwenye bajaji. Natumia amplifaya ya kinanda yenye spika ya inchi 15. Usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo na kufungua sauti: uzi mnene wa besi unatikisika takriban mara 41 kwa sekunde, wa gitaa mara 82, na spika ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkwaruzo naupata kwa pedali, kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu, yenye uwezo wa kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa. Safi inabeba uzito, mkwaruzo unabeba hasira.

Wapo wanaoniambia mkwaruzo huo ni kelele za Wazungu. Nawajibu wasikilize marimba ya Kigogo, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose: mafundi huziba tundu la sanduku kwa utando wa buibui makusudi ili sauti ingurume. Sikio la Dodoma linaijua ladha hii.

La mwisho ni eethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kumbi kadhaa soketi zake hazina, au zina eethi tofauti. Besi inapata eethi kupitia amplifaya, kipaza sauti kupitia mikseta, na ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye kipaza sauti, mwili wako ndio unakuwa njia ya umeme. Nachomeka amplifaya na mikseta kwenye ekstensheni moja, kisha nagusisha testa kwenye nyuzi na kwenye wavu wa kipaza sauti. Taa ikiwaka, sipigi mpaka fundi umeme aje.