Siku moja maishani mwangu: dagaa, mbalamwezi na waya wa intaneti Mwanza

Saa 11:20 alfajiri

Naishi Kirumba, upande wa mlimani, na dirisha la jikoni linatazama ziwa. Leo sikuona taa hata moja majini. Siku za giza mitumbwi ya dagaa hutapakaa kule nje ukadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Lakini jana ulikuwa mwezi mpevu, maji yote yamekuwa meupe, na wavuvi wamelala majumbani kwao. Dagaa huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, na anayeingia ziwani anachoma mafuta au betri bure.

Nilisimama pale dirishani mpaka chai ikapoa, maana jana usiku jambo hilohilo la mwezi lilinitoa usingizini. Kazi yangu ni mipango ya ukuaji katika kampuni ya intaneti ya hapahapa Kanda ya Ziwa. Tunavuta faiba, waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, mitaani, tunafungia nyumba, maduka na shule. Kila mwezi kuna wateja wanaokatika kwa kutolipa, na siku zote tumekuwa tukiwapanga kwa tarehe. Jana nilichukua kalenda ya ukutani, ile inayoonyesha mwandamo wa mwezi, nikaiweka pembeni ya orodha ya Kirumba, Igombe na Kayenze, sehemu za wavuvi. Miezi mitano mfululizo, wanaokatika sehemu hizo tatu wanarundikana kwenye siku zilezile, kuanzia kidogo kabla ya mwezi mpevu hadi kidogo baada yake. Nikaangalia Nyegezi na Buzuruga. Huko hakuna mrundikano wowote.

Saa 1:05 asubuhi

Nilikuwa niende ofisini moja kwa moja, nikakata kona kuelekea mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa.

Mwalo wa Kirumba wakati wa giza hauna pa kukanyaga: magunia ya dagaa, wabebaji, malori yanayopakia mzigo wa Kongo. Leo korongo walikuwa wengi kuliko watu. Nilimkuta mama mmoja ninayemfahamu amekaa juu ya gunia lake, anasuka mkeka. Laini ya dukani kwake tulimkatia siku nne zilizopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunidai?"

"Hapana, nimekuja kuuliza tu. Kwa nini umeacha?"

Akaweka mkeka chini. "Mimi sijaacha. Nyie ndio mmeniacha. Hela ya dagaa haina tarehe moja, inakuja na giza. Giza likiingia naweza kulipa hata ya miezi miwili. Nyie mnanidai kwenye mbalamwezi, wakati hapa hata ya sukari naitafuta."

Akanieleza anavyoitumia intaneti. Anapiga video ya dagaa wakiwa wameanikwa, anamtumia mnunuzi wake wa Goma, mnunuzi akiridhika anatuma fedha na lori linapakiwa. Laini ikikatika ananunua bando la simu. "Sasa giza likirudi nimeshazoea bando langu. Na nikitaka kurudi kwenu mnanitoza ya kurudishiwa. Ya kurudishiwa nini, mwanangu? Kwani nilihama?"

Ile ada ya kurudishiwa niliipendekeza mimi, miaka miwili iliyopita, nikiamini itawafanya watu walipe mapema. Nilimwambia hivyo, sikutaka nimfiche. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi kaiondoe."

Saa 3:00 asubuhi

Ofisini kulikuwa na barua pepe na bili, si mengi ya kusimulia. Nilichora jedwali langu la mwezi upya kwa ajili ya kikao cha saa nane, nikaomba gari la mafundi.

Saa 4:40 asubuhi

Buhongwa. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ni kwenye nguzo kama hizi za Buhongwa ndipo fedha ya kampuni inapolala.

Mwanza ni jiji la mawe. Kuchimba mtaro wa kulaza waya hapa ni kazi ya kupasua miamba, kwa hiyo sehemu kubwa tunapitisha waya juu ya nguzo. Faiba moja ikitoka kituoni inafika kwenye spilita, kifaa kidogo kisichohitaji umeme kabisa, kinachogawa mwanga ule mmoja kwa nyumba 32. Kutoka hapo waya zinaenda kwenye visanduku vya juu ya nguzo, na kila kisanduku kina matundu manane, tundu moja kwa kila laini.

Fundi alipanda ngazi, akakifungua cha kwanza. "Dada, hiki kina wawili." Cha pili kilikuwa na watatu. Cha tatu, karibu na kanisa, kilikuwa na mmoja peke yake, na buibui ameshatanda utando kwenye matundu saba yaliyobaki. Mtaa huu tulivuta waya mwaka juzi. Kwenye ripoti zetu unaitwa mtaa uliokamilika.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tuseme mtaa una nyumba 100 na waya umepita mbele ya zote. Wakijiunga 15, gharama ya nguzo, waya na mafundi inabebwa na hao 15. Wakijiunga 40, inabebwa na 40, na waya ni uleule, nguzo ni zilezile. Kinachoongezeka ni waya mfupi wa kuingilia nyumbani na kifaa cha ndani, basi. Ndiyo maana napata uchungu nikisikia kampuni inajisifu kwa kilomita ilizovuta. Kilomita ni gharama. Matundu yaliyojaa ndiyo yanayolipa mishahara.

Mbona sasa hayajai? Niligonga mlango wa nyumba iliyo mkabala na nguzo. Ni nyumba ya kupanga, vyumba sita, kila chumba na familia yake. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa "Ng'wangaluka, mayu," akanipa kigoda.

"Vijana wenu walikuja," alisema. "Mpangaji wa chumba cha kwanza akataka, wa pili akataka. Nikauliza, mtatoboa ukuta wangu mara ngapi? Mara sita? Nikawafukuza."

Nikamuuliza: je, tukitoboa tundu moja tu, waya mmoja uingie kwako, na wapangaji wote watumie, kila mmoja kwa neno lake la siri na malipo yake?

"Tundu moja?"

"Moja tu, mama. Na nitasimama hapa fundi akilitoboa."

Alifikiri, akaita wapangaji waliokuwepo, wakakubaliana palepale uani. Nikawa na bahati ya kuona kazi ninayoipenda kuliko zote. Fundi alimenya waya mpaka akabaki na uzi wa kioo wenyewe, mwembamba unaokaribia unywele, na mwanga unapita katikati yake kwenye njia nyembamba zaidi, maikromita 9 tu. Akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, mara moja, mara mbili. Akaukata ncha kwa kikatio maalumu, maana ncha ikikaa upande mwanga unapotea. Akalaza nyuzi mbili kwenye mashine, akafunika. Kwenye kioo kidogo tuliona ncha zinasogeleana, cheche ya umeme ikapita, zikawa uzi mmoja. Mashine ikaandika 0.02, yaani mwanga unaopotea kwenye kiungo ni kidogo mno. Mtoto wa chumba cha nne, aliyekuwa amechuchumaa pembeni muda wote, akauliza, "Sasa hivi imeshaungana kweli?" Fundi akamwonyesha taa ya kijani kwenye kifaa.

Kisanduku cha karibu na kanisa sasa kina wawili.

Saa 8:00 mchana

Kikao. Mkurugenzi alianza na ramani ya Sengerema, na sitamlaumu. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na kila mtu wa kanda hii anakumbuka foleni ya kivuko iliyokuwa inamaliza nusu siku. "Ng'ambo sasa ni hapa," alisema. "Wengine watavuka kabla yetu."

Nikasema, "Mzee, ni kweli watu wanavuka. Ila tukivuka na deni la matundu matupu tutakuwa na Buhongwa mbili, moja huku na moja kule." Nikamwomba faiba ya Sengerema isubiri. Tuanze na uwezo wa intaneti wa kukodi hadi mjini, tuwafungie wateja wakubwa kwa redio, yaani kwa mawimbi bila waya, tujifunze soko lenyewe. Vijijini huko ndani, ambako biashara peke yake haiwezi kubeba mnara, kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaotoa ruzuku kwa kazi hiyo, na tuombe kwa utaratibu wake.

Kisha nikaweka jedwali la mwezi mezani. Kukawa kimya kwa muda. Mhasibu mkuu ndiye aliyenibana, na swali lake lilikuwa zuri: uwezo tunaokodi kwenye mkongo, ile njia kuu ya faiba, kutoka hapa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, tunaulipia kila mwezi, mbalamwezi iwepo isiwepo. Tukiwasubiri wateja, tutalipa kwa hela gani?

Jibu langu lilikuwa hilohilo alilolisema, limegeuzwa tu. Uwezo ule tumeshaulipia. Mama wa mwaloni akikatwa siku kumi, hatuokoi hata shilingi. Mwanga unaendelea kuwaka kwenye faiba, nafasi yake kwenye mkongo inakaa bure. Tunachopoteza ni yeye, akazoea bando. Kwa hiyo tusimkate. Wiki ya mbalamwezi tumshushe kasi hadi megabiti 2 kwa sekunde, ujumbe na simu za sauti ziende, video ikwame kidogo. Giza likirudi na hela ikiingia, analipa, kasi inapanda. Na ada ya kurudishiwa ifutwe.

Tulibishana karibu saa nzima. Meneja wa mauzo aliogopa wateja wa mitaa mingine watadai nao wasikatwe. Hofu hiyo ina msingi na sikuwa na jibu kamili. Mwalimu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi ana kalenda yake, bodaboda anayelipwa kila siku ana yake, na nadhani tutalazimika kufika huko kote. Tuanze na penye ushahidi.

Yaliyoamuliwa: jaribio la miezi mitatu kwa Kirumba, Igombe na Kayenze. Ada ya kurudishiwa imefutwa kwa maeneo hayo tu, nilitaka kote. Nyumba za kupanga za Buhongwa zitapata mpango wa tundu moja. Niliomba watu wawili wa kupita nyumba kwa nyumba, nimepewa mmoja. Na wiki ijayo timu inaenda Busisi kupima njia ya waya, kwa sababu mkurugenzi hakukubali kuiweka ramani yake kabatini. Nimekubali. Kupima si kuchimba.

Saa 12:15 jioni

Umeme ulikatika kwenye kituo chetu kidogo cha mtandao cha Pasiansi, betri zikashika, mafundi wakapeleka jenereta. Hakuna mteja aliyejua.

Saa 2:30 usiku

Nimempigia mama wa mwaloni. Nilimweleza kwamba laini yake itarudi kesho asubuhi, kwa kasi ndogo, bila ada, na kwamba atalipa giza likiingia.

"Na video?"

"Video itasumbua siku hizi chache, mama. Ikianza kazi ya dagaa utalipia, itakwenda vizuri."

"Siku hizi hakuna dagaa wa kupiga video, mwanangu. Hiyo ndogo inatosha." Akaniombea dua ndefu kwa Kisukuma, nusu nikaielewa.

Sasa nipo mezani, kompyuta mbele yangu, ziwa bado tupu na jeupe. Nimeingiza kwenye mfumo wa malipo tarehe za mwezi mpevu hadi mwisho wa mwaka, moja moja, nikizihakiki kwenye kalenda ya ukutani. Kila ninapozuia ukataji, mfumo unanitaka nijaze sababu kabla ya kuhifadhi. Orodha yake ina kosa la malipo, hitilafu ya mtandao, ombi la mteja na mengineyo. Nimechagua mengineyo, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika: mbalamwezi.