Mchuzi ulionuka karafuu: nilivyojifunza kuitambua rehani

Kila niliyemwuliza hapa Moshi namna ya kuitambua rehani, yale majani ya kiungo cha kupikia, alinijibu kwamba ninuse tu, na ushauri huo ndio ulioniaibisha mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa nimejitolea kupika tambi za mchuzi wa nyanya kwa ajili ya mahafali ya binamu yangu, na jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akanionyesha kichaka kilichoota kando ya mfereji, akisema kwamba hiyo ndiyo rehani, tena ya bure. Nilinusa, harufu ikanivutia, nikachuma bakuli zima na kulimimina katika nyanya zilizokuwa zikichemka taratibu tangu asubuhi. Baada ya robo saa jiko zima lilinuka kama chumba cha daktari wa meno. Nikaongeza sukari, nikaongeza kitunguu saumu, nikaongeza hata maziwa (sijui nilifikiri nini), lakini karafuu ilikataa kuondoka. Mjomba alionja kijiko kimoja, akakiweka chini kwa adabu, kisha akauliza, "Mpwa wangu, huu tunaula au tunasukutua?"

Kumbe nilikuwa nimechuma kivumbasi, ndugu wa rehani ambaye wazee wetu humtumia kufukuza mbu. Majani yake yana yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake.

Siku hizi ninaanza kwa macho na vidole. Kivumbasi ni kichaka chenye shina gumu kama la mti, na majani yake yana vinyweleo na kingo za msumeno. Rehani tamu, ile ya tambi, ni mmea mlaini usiovuka sana goti. Jani lake ni nyororo, linang'aa, limebinuka mgongo, na maua yake ni meupe. Ukiona shina la zambarau na jani jembamba lenye ncha, hiyo ni rehani ya Kithai, yenye harufu inayoelekea shamari, nayo huvumilia moto kuliko rehani tamu, ambayo mimi huitia sufuria ikishaipuliwa. Pua huja mwisho, na hapo ninajivunia mbinu yangu: kila mmea ninausugua kwa kidole chake, kwa sababu ukitumia kidole kimoja, mmea wa tatu utanuka harufu za ile miwili iliyotangulia.

Nanaa nayo ilinila shilingi elfu tatu au nne za pakiti ya mbegu za peremende (aina ya nanaa), nisijue kwamba peremende ni chotara ambayo kwa kawaida haizai mbegu na hupandwa kwa vipande vya shina. Kilichoota kilikuwa nanaa ya kawaida, ambayo jani lake hukaa juu ya shina karibu bila kikonyo, ilhali la peremende lina kikonyo kinachoonekana wazi.

Mwezi uliopita nilipika tambi tena. Kabla ya kuketi, Mjomba aliomba kwanza aonyeshwe shina.