Ukifa, hilo jino litaoza?

Jumapili, saa nne usiku. Watu wote wamelala, hata mama, ambaye kwa kawaida hulala wa mwisho akihesabu vilivyobaki jikoni.

Harusi ya Shamimu imepita salama, mnada wa pili wa korosho umepita, baba Zuhura kapata barua ya uhamisho wa kwenda Masasi kuanzia Januari. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka niandike kuhusu jambo ambalo halikuchukua hata dakika mbili, maana tangu Jumanne linanilia sikioni kama mbu aliyenasa ndani ya chandarua.

Jumanne baada ya alasiri tulikuwa barazani. Mama alikuwa na ungo wa mbaazi mapajani, anachambua. Kaniomba nifungue mdomo aone "ile kitu". Nikaufungua, nikawasha na tochi ya simu. Bado hakuna jino, mnajua, ni kifuniko kidogo tu cha skrubu niliyopandikizwa, kinachong'aa kwenye fizi, mfano wa kifungo cha shati. Akachungulia muda mrefu. Kisha akarudi kwenye mbaazi zake, na bila kuinua uso:

"Hilo jino lako, ukifa, litaoza?"

"Haliozi mama. Ni titani, madini. Haliozi wala halishiki kutu."

"Hata ardhini?"

"Hata ardhini."

"Haya." Akatupa jiwe moja uani. "Basi ndilo litakalobaki."

Basi, hayo tu. Aliuliza kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya chumvi. Baadaye akasema mbaazi za mwaka huu zina wadudu wengi, akaingia ndani kusali.

Nimejaribu kulisikia upya kwa kila namna. Je, alikuwa ananisuta? "Basi ndilo litakalobaki," yaani pesa zote umezizika kinywani, wanao watarithi skrubu? Bei nilimwambia, ila nilimpunguzia nusu, na hata hiyo nusu aliigeuza palepale kuwa bati, akapata banda zima na choo chake. (Bei kamili siitaji hapa kwa sababu baba Zuhura naye anasoma huku.) Au hakuwa ananisuta, alikuwa anawaza kifo? Na kama ni kifo, cha nani, changu au chake? Mzazi anamuulizaje mtoto wake "ukifa"? Angesema "mtu akifa" ningelala.

Nilimuuliza baba Zuhura. Akasema, "Mama kauliza swali, nawe umejibu." Wanaume.

Kwa wageni wachache, habari ya jino ilianza na wali wa msiba miaka miwili iliyopita, ule wenye jiwe. Gego la chini kulia likapasuka mpaka kwenye mzizi, likang'olewa. Nikajiambia gego halionekani, nani atajua. Kumbe mdomo wenyewe unajua. Nilianza kutafunia upande mmoja kama mbuzi mgonjwa, na jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililong'oka likaanza kushuka taratibu, linamtafuta mwenzake. Daktari alinionyesha kwenye kioo. Pia akasema mfupa wa taya usiobeba jino hupungua mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo lililonisukuma, si urembo, ingawa mama haamini.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, nafuu kuliko zote, wala halihitaji kisu. Nililikataa kwa sababu ya mama Faraja. Alilivua la kwake kwenye sherehe ili ale nyama vizuri, akalifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, na karatasi ikaenda na mifupa. Tulipekua mapipa mpaka saa saba usiku tukiwa na magauni ya sare.

Ya pili ni daraja: jino la bandia linashikiliwa na majirani zake wawili, ila lazima kwanza hao majirani wachongwe wavishwe kofia. Meno mazima mawili yachongwe kwa ajili ya marehemu mmoja! Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ndonya, kile kipambo cha kutoboa mdomo, kwenye mdomo wa juu na meno ya mbele yaliyochongwa yakachongoka, kama Wamakonde wengi wa umri wake, na alikuwa akisimulia maumivu yake kwa kujivuna kabisa. Bibi alichongwa kwa ajili ya urembo, akaridhika. Mimi kuchongwa kwa ajili ya daraja la gego, nikaona ni hasara.

Ikabaki ya tatu, kupandikiza: skrubu ya titani inachomekwa kwenye mfupa wa taya, ikishashika ndipo inavishwa jino. Niliomba ruhusa Septemba, kabla ghala letu halijaanza kupokea korosho, maana msimu ukishaanza karani haugui. Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar, kwa kaka Mbagala. Huko nilipimwa sukari kwanza, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa inachelewesha kidonda na skrubu inaweza isishike. Wakaniuliza mara tatu kama navuta sigara. Kisha picha ya pande tatu, ya kuona mfupa una kina gani na mshipa wa fahamu wa taya la chini umepita wapi, wasije wakautoboa nikabaki na mdomo wenye ganzi maisha yangu yote. Mfupa ulikuwa bado unatosha. Ningechelewa zaidi, huenda ningehitaji kuongezewa mfupa kwanza, na hiyo ni bili nyingine na miezi mingine.

Upasuaji wenyewe uliniacha macho. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, baada ya hapo ni mtikisiko tu, kama fundi anatoboa ukuta wa nyumba ya jirani. Wanatoboa polepole huku maji yakimwagika, kwa kuwa mfupa ukipata moto unakufa. Daktari ni kijana mdogo, aliniamkia "shikamoo mama" kabla ya kunitoboa taya. Tukiwa tunasubiri ganzi ishike, alinisimulia asili ya jambo hili: miaka ya 1950 huko Uswidi, mtafiti aitwaye Per-Ingvar Brånemark alichomeka kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kukitoa, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza mdomoni. Nilitaka kucheka lakini mdomo haukuwa wangu tena. Hata huko Ulaya aliyewashinda wenye akili ni sungura.

Skrubu ilikazwa kwa spana ndogo, nikaisikia mpaka kwenye jicho. Nikashonwa. Haikufika saa nzima.

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya tatu nikaonekana kama nimeficha kitumbua shavuni na nimesahau kukimeza. Nilikuwa nimeambiwa ni kawaida, uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu ndipo ushuke, lakini kuambiwa na kujiona kwenye kioo cha mke wa kaka ni vitu viwili. Barafu kwenye kanga, dakika ishirini, unaondoa, unarudia. Siku nzima ya kwanza hakuna kusukutua, hakuna kutema mate kwa nguvu, maana ile damu iliyoganda ndiyo plasta yako. Baada ya hapo maji ya chumvi ya vuguvugu, unayazungusha kwa upole kisha unaacha yadondoke yenyewe. Hakuna mrija. Kaka akaniletea dafu lenye mrija nikalitazama kwa uchungu. Hakuna chai ya moto. Dawa kumaliza dozi hata kama huumwi.

Niliporudi Mtwara mama alikuja kuniuguza, na hapo ndipo alipotaka kunipakia tumbaku yake kwenye kidonda, ndiyo dawa ya jino anayoiamini. Tuligombana kidogo. Kisha akakubali kushika sufuria: uji wa mtama aliouchuja kwa kitambaa kama wa mtoto, mtori, samaki changu aliyemtoa miiba mmoja mmoja kwa vidole huku akilalamika kuwa nimerudi utotoni nikiwa na miaka arobaini na sita. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ilikuja kutoka kijijini, wakaila wao mbele yangu. Nyuzi nilitolewa siku ya kumi. Sasa ni wiki ya tano, na mfupa unafanya kazi yake kimyakimya. Taya la chini hupewa kama miezi mitatu. Desemba nirudi, wapime kama imeshika, ndipo wachukue vipimo vya jino lenyewe.

Sasa mnaona kwa nini swali liliniuma. Mtu aliyenitolea miiba kwa vidole ndiye huyohuyo aliyesema "basi ndilo litakalobaki".

Nimetunga majibu mengi tangu Jumanne. Usiku mmoja nilimjibu kwa ukali: bati nazo zinaota kutu, mama. Usiku mwingine nilimjibu kitaalamu, kwamba kutooza si kutougua, fizi inayozunguka skrubu nisipoisafisha inaweza kuvimba, mfupa ukaliwa, na skrubu ikalegea nikiwa hai vilevile. Ningemwambia hivyo angesema nini? Angesema haya. Mama ana "haya" za aina saba na hii ya Jumanne sijawahi kuisikia.

Sasa sikilizeni ya Ijumaa.

Narudi kutoka ghalani, nimechoka, vumbi la magunia mpaka kwenye kope. Nikiwa bado nje ya ua nasikia mama anaongea na bi mkubwa wa nyumba ya pili, kwa Kimakonde kilichochanganyika na Kiswahili, kile cha kujisifu. "Wamempanda kama mhogo," anasema. "Unakata kijiti, unachomeka, unakiacha. Huchimbui kila siku kuangalia kama kimeota. Miezi mitatu!" Yule bibi akauliza kitu sikukisikia. Mama akapandisha sauti: "Halioziii! Hata ardhini! Nimemuuliza mwenyewe. Sisi wote tutakwisha, lile litabaki!"

Nikasimama pale kwenye mlango wa makuti na mkoba wangu. Alikuwa ananitangaza! Sentensi ileile iliyoninyima usingizi siku tatu, sasa anaigawa kwa majirani kama sambusa za Ramadhani. Nikaingia, akanyamaza mara moja, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Yule bibi akaomba naye aone. Nikafunua mdomo, tochi, vichwa viwili vyenye mitandio vinachungulia kooni mwangu. "Kama kifungo," akasema bibi. "Ni cha kutoka Uswidi," mama akajibu. Sijui kalitoa wapi, mimi nilimsimulia habari za sungura tu. Nilicheka mpaka fizi ikanikumbusha.

Jana harusini alilirudia kwenye meza tatu. Kufika meza ya nne skrubu ilikuwa imeshakuwa dhahabu.

Nilidhani nitalala. Ila leo jioni, nikiwa nimefurahi, nikamwambia mama, mwakani tukiwa na uwezo nawe tukuangalie, kwenye taya la chini yamebaki manne tu. Akapiga kidoko. "Kitu cha kusubiri miezi mitatu nipande mimi? Hata mhogo siku hizi nawapandia wengine." Akacheka sana. Nami nikacheka. Hiyo sitaki kuanza kuirudia, nitaiacha hapa hapa.

Kinachoniweka macho sasa ni kingine. Mama anataka kurudi Newala Jumatano, na korosho zetu huko bado ziko uani kwenye mikeka, gunia kama kumi na moja, hazijakauka vizuri. Turubai letu aliazimwa jirani tangu maulidi. Tangu mchana upande wa kule kuna mawingu mazito, na mimi ndiye karani ninayewaambia watu kila siku kwamba korosho iliyolowa inashuka daraja. Zikija zangu zimelowa nitaziandikaje? Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani. Nimempigia mara nne tangu magharibi, simu inaita tu.